Wananiita binti wa Mangi, lakini mama aliyenilea hataki kupanda mlima

*Jina la ukoo, kijiji na umangi wenyewe nimeviondoa kwa ombi la mwandishi.*

Dada, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 39, naishi Ngarenaro hapa Arusha, nyumba ileile niliyokulia. Nimeolewa, nina watoto wawili. Nimelelewa na mama mmoja Mrangi wa Kondoa ambaye mtaa mzima unamjua kwa vitumbua vyake vya alfajiri. Hakuwa na mtoto mwingine. Sikuwahi kujiuliza kwa nini sifanani naye. Niliambiwa baba alishakufa, basi.

Jambo moja tu lilinitofautisha na wenzangu. Hapa mbele, juu ya paji la uso, nina shungi la nywele nyeupe. Nimezaliwa nalo. Shuleni waliniita kizee. Mama alinizoesha mtandio kabla hata sijaanza darasa la kwanza, na hata ndani, mgeni akipiga hodi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Funga kichwa."

Mwaka jana, mwezi wa pili, aliingia dukani kwangu bibi mmoja wa Moshi anayetaka sare za harusi ya mjukuu wake. Lilikuwa joto kali, mtandio nimeuweka begani. Akanitazama mpaka nikaona aibu. Akauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamtajia Mama. Akaomba maji, akanywa, akaniomba nigeuke upande. Kisha akalia palepale kwenye benchi la wateja.

Aliniambia kaka yake kitinda mimba, aliyefariki mwaka 2009, alikuwa na shungi kama hili. Na baba yao pia, ambaye alikuwa Mangi, yaani chifu wa Wachaga wa Kilimanjaro, mpaka serikali ilipoufuta umangi. Mwaka 1986 pale nyumbani kwao kulikuwa na msichana wa kazi kutoka Usangi, kule Upareni. Alipata mimba ya yule kijana, na mama mwenye nyumba akamfukuza. Kijana alikuwa masomoni Dar es Salaam. Aliporudi akaambiwa msichana ameacha kazi. Huyu bibi, ambaye sasa namwita shangazi, anasema alimtafuta asimpate.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama anapepeta mchele. Nilipomwuliza, aliweka ungo chini. Akaniambia yote. Kwamba mama yangu mzazi alifika Ngarenaro na mimba kubwa, akapanga chumba cha uani, wakawa wanapika vitumbua pamoja. Nilipokuwa na miaka miwili akaugua, hakumaliza wiki. Kabla ya kufa alimshika Mama mkono akasema, "Kwa Mangi usimpeleke. Walinitoa usiku." Mama akaapa. Kumbe mtandio ulikuwa kwa ajili ya kiapo kile.

Tangu hapo nimepanda mlimani mara mbili. Nimeiona nyumba ya babu, mabati yake yameota kutu, makaburi ya wamangi yamezungukwa na mimea ya masale. Sebuleni kuna picha yake. Dada, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliuona uso wangu ukutani.

Sasa ukoo unataka kunipokea Desemba, wakati wote wamekuja nyumbani kuhesabiwa. Wanasema mtoto wetu aliyepotea amerudi. Kutakuwa na mbuzi na pombe ya mbege, na nitapewa jina la bibi mzaa baba, kwa sababu ndiyo desturi kwa binti wa kwanza. Huyo bibi ndiye aliyemfukuza mama yangu. Nina kaka wawili kwa baba. Mdogo ananipigia simu kila Ijumaa. Mkubwa anataka kwanza kipimo cha vinasaba, na amenipa karatasi nisaini kwamba sitadai kihamba, yaani shamba la ukoo, wala chochote cha baba.

Na jambo jingine, sitakudanganya. Wateja wameanza kuniita binti mfalme, na ninapenda. Mtandio nimeacha kuvaa. Binti yangu wa miaka 12 amewaambia shule nzima. Mama ananitazama kichwani, hasemi kitu. Siku moja tu alisema, "Nenda mwanangu. Mimi mlima ule sipandi." Tangu siku hiyo hali chakula pamoja nasi, anasema ameshashiba.

Je, niende? Nikubali lile jina? Nisaini? Na Mama nimfanyeje?

Fundi wa Ngarenaro

---

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama palepale, Mama alipoweka ungo chini. Huyu mwanamke amekaa miaka karibu arobaini na ahadi aliyompa mtu anayekata roho, na ameitimiza kwa kitambaa cha kichwa. Kila aliposema "funga kichwa" alikuwa anakulinda na watu ambao leo wanakuandalia mbuzi. Sasa fikiria anavyojisikia akikuona umekivua.

Kuna neno moja katika barua yako ambalo siwezi kulipita. Ndugu zako wa mlimani wanasema mtoto aliyepotea amerudi. Wewe hukupotea. Mama yako alitolewa usiku, na wewe ukiwa tumboni. Mtoto aliyepotea hupokewa kwa nderemo na hakuna anayeulizwa kitu. Aliyefukuzwa huombwa radhi kwanza, ndipo watu wanywe. Sisemi hivi ili uwachukie. Shangazi yako amebeba jambo hili moyoni tangu ujana wake, na machozi yale ya dukani naamini yalikuwa ya kweli. Ila sherehe inayoanzia kwenye mbuzi itamruka mtu mmoja, na mtu huyo ni mama yako mzazi.

Bahati nzuri Wachaga wana njia ya jambo hili, na umeiona kwa macho yako bila kuijua. Yale masale uliyoyaona makaburini ndiyo hayohayo yanayopandwa mpakani, kihamba na kihamba, na ndiyo hayohayo ya kuombea msamaha. Nimekulia mlimani. Nikiwa mdogo, majirani zetu wawili waligombana juu ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, mmoja akamtolea mwenzake maneno mazito mbele ya watoto wake. Wakanuniana miezi. Asubuhi moja tukaona mzee wa upande wa mkosaji anakuja taratibu, mkononi ameshika jani la isale. Hakuhitaji kueleza sana. Kwetu, ukiletewa isale ukakataa, wazee hawamshangai tena mkosaji, wanakushangaa wewe. Ndiyo maana halipelekwi ovyo. Anayelibeba amekiri.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: nenda, lakini wao waje kwanza. Mwambie shangazi yako, yeye na si kaka, kwamba kabla ya Desemba unaomba ukoo ushuke Ngarenaro na isale. Waje wachache: yeye, kaka yako mkubwa, na mzee mmoja wa ukoo anayesikilizwa. Waliyemkosea yuko kaburini tangu ukiwa na miaka miwili. Aliyempa chumba, akamuuguza, akamzika na kumlea mtoto wake ni Mama, basi isale hilo lipelekwe mikononi mwake, mlangoni pake, na mwenye kulileta aseme kwa kinywa chake kilichofanyika mwaka 1986. Kisha Mama awapeleke kaburini. Wakirudi wanywe chai kwa vitumbua.

Shangazi yako ni mtoto wa Mangi, amekua akiona mashauri yakiamuliwa barazani kwa baba yake. Hutahitaji kumfafanulia. Nina hakika utakapotaja isale atanyamaza kidogo kwenye simu, na atajua unadai nini.

Baada ya hapo Mama anaweza kupanda mlima au asipande. Asipopanda usimlazimishe, wala usiwaache wao wamlazimishe kwa heshima nyingi. Ahadi yake ilikuwa kwamba wewe usipelekwe. Wao wakishashuka na kuomba, hajakupeleka mtu, umefuatwa. Nadhani hilo litamwondolea mzigo ambao hawezi kukueleza. Na kabla hata hawajaja, leo usiku, keti naye jikoni umwambie hivi tu: "Sasa najua mtandio ulikuwa nini." Sikuambii uuvae tena, kichwa ni chako. Mwambie tu kwamba umeelewa, halafu mle sahani moja.

Habari ya binti mfalme. Sikulaumu kwa kuipenda. Mtoto aliyeitwa kizee shuleni akija kuambiwa kwamba doa lile lile ni alama ya wamangi, lazima mgongo unyooke. Lakini ujue unaingia kwenye nini. Serikali ya Tanganyika ilifuta uchifu mwaka 1963. Hata cheo cha Mangi Mkuu, ambacho Thomas Marealle alishika kuanzia mwaka 1952, wakati huo kilikuwa kimeshakwisha. Hakuna kiti kinachokungoja. Kuna makaburi, picha ya sebuleni, mabati yenye kutu na watu wanaoweza kukuambia unatembea kama nani. Kwangu mimi hiyo si haba, lakini si ufalme.

Na umangi wenyewe haukuwa vito na mataji. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na wazao wake mpaka leo wanatafuta kichwa chake, ambacho wanaamini kilipelekwa Ujerumani. Mwambie hayo binti yako, ana umri wa kuyaelewa. Halafu mwambie na ya upande wa pili, kwamba bibi yake mwingine alikuwa akiamka kabla nyumba ile haijaamka, awashe moto, achote maji, na kwamba naye yumo katika uso huohuo. Mtoto akienda shule na nusu ya hadithi, siku moja mwenzake atamletea nusu iliyobaki kwa kumcheka.

Kipimo cha vinasaba usikionee uchungu. Najua kinaumiza kuombwa ushahidi na mtu mwenye sauti ya baba yako. Lakini familia za Kilimanjaro zimetoa mate yao kupimwa kwa ajili ya mabaki ya babu zao yaliyochukuliwa enzi za Wajerumani, na mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ikatangaza kwamba fuvu la mmoja wa wasaidizi wakuu wa Mangi Meli limepatiwa wazao wake walio hai. Sijasikia aliyeona ni tusi. Shungi jeupe hurithiwa kweli, mzazi kwa mtoto, ila lipo pia katika familia nyingine zisizo na uhusiano na ninyi, kwa hiyo peke yake halitoshi kufunga mdomo wa mtu.

Ila kifanyike kwa utaratibu. Tuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya kanda hapo Arusha. Mtu hajiendei mwenyewe tu. Ombi hupitia kwa mamlaka inayotambulika, kama mahakama, wakili au afisa ustawi wa jamii. Kwako njia nyepesi ni ustawi wa jamii. Usikubali mtu akuletee kijiti cha mate nyumbani. Na kwa kuwa baba yako hayupo, mtapimwa wewe na shangazi au wewe na kaka, na majibu ya namna hiyo hayawi ya moja kwa moja kama ya mzazi na mtoto. Kaka yako aelezwe hilo mapema na mtaalamu, mbele yako, asije akashika neno moja la ripoti akalifanya rungu.

Karatasi usisaini.

Sikuambii hivyo ili ukagombee migomba na kahawa. Angalia tu mantiki yake: anataka uikane haki ambayo yeye mwenyewe bado hajakiri kwamba unayo. Ama wewe ni dada yake, basi mzungumze kama ndugu, ama siye, basi hana sababu ya kuihofia saini yako. Mirathi ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni jambo gumu kwetu, inategemea hukumu inafuata mila, dini au sheria ipi, na mimi si mwanasheria. Peleka karatasi hiyo kwa wakili au msaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Pale Moshi mjini lipo shirika la KWIECO, wamezoea kesi za wanawake na ardhi. Kaka yako mwambie kwa mdomo, kwa upole, kwamba hukuja kwa ajili ya kihamba. Kisha mwache akae na neno lako aone kama linamtosha.

Jina la bibi, kwa Desemba hii, hapana. Ni kweli ndiyo desturi, na nadhani shangazi anakuletea kwa mapenzi, kwake lile ni jina la mama yake. Lakini wewe hujui bado huyo bibi alikuwa mtu gani nje ya usiku ule. Mwulize shangazi. Alimfukuza kwa hasira au aliogopa mtu? Kulikuwa na neno juu ya dini, juu ya Upare wake, juu ya kazi yake? Aliwahi kujuta? Huenda siku moja ukalipokea ukiwa unajua unachokibeba. Huenda usilipokee kabisa, na bado ukawa mtoto wa nyumba ile. Sema tu, "Naomba mnipe muda." Kwenye vyeti usiguse kitu: viapo, usajili wa hati, NIDA, benki, leseni ya duka, yote hayo kwa jina ambalo hata hujalipenda. Na huko huko, muulize Mama jina unalolitumia sasa alikupa nani. Hujasema katika barua. Kama alikupa mama yako mzazi, basi tayari unalo jina la urithi.

Nadhani wewe ni Mwislamu, basi chakula kisikutie wasiwasi. Sema mapema kwamba mbuzi wa kwako achinjwe na Mwislamu, kwamba mbege hunywi na kisusio huli, kwa sababu kina damu. Mtori na kiburu vitakutosha. Hakuna Mchaga atakayekasirika kwa hilo, nyumba nyingi zina wakwe Waislamu na wanajua kupanga masufuria.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi, ambalo hukuniuliza.

Barua yako ina mlima, nyumba ya babu, makaburi, picha, kaka, shangazi na bibi. Usangi imetajwa mara moja tu, katika sentensi ya msichana wa kazi. Mdogo wangu, mama yako hakuota kwenye jiwe. Alitoka kwa watu. Mwaka 1986 kuna nyumba Usangi iliyomuaga binti aende kazi Moshi kwa familia ya Mangi, tena nadhani walijisikia salama kwa sababu ya jina la nyumba ile. Hakurudi. Hakuandika, au aliandika barua haikufika. Mama alimzika na majirani. Je, kuna aliyewaambia kwao? Kwa jinsi ulivyoandika, naona hakuna. Shangazi anasema alimtafuta asimpate, na mimi ningependa kujua kama alifika mpaka kwao, na kama alifika, aliwaambia nini.

Inawezekana kabisa huko juu kuna bibi kizee ambaye mpaka leo, gari la Noah likisimama chini ya nyumba, anageuza shingo. Huyo ndiye aliyepotelewa.

Moshi hadi Mwanga si safari ya kutisha, na kutoka Mwanga magari yanapanda Usangi kila siku. Muombe Mama akupe jina kamili la mama yako na la baba yake, na kitongoji kama aliwahi kukitaja. Wanawake wawili waliopika pamoja alfajiri miaka miwili walizungumza mengi, atakumbuka zaidi ya anavyodhani. Shangazi naye anajua nani alimleta yule msichana nyumbani kwao, maana enzi zile hakuna aliyeokotwa stendi, kulikuwa na mtu wa kati. Ukifika, anzia kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa imamu wa msikiti. Usianze kwa kusema wewe ni nani wa Mangi. Sema unatafuta nyumba ya binti aliyeenda kazi Moshi mwaka 1986. Na uwe tayari, kwa sababu utakachowapelekea ni msiba kwanza, ndipo mjukuu.

Mama anaweza kukataa mlima Kilimanjaro, lakini nina matumaini makubwa kwamba Usangi atakubali kwenda nawe. Huko hakuapa kukuficha. Kama amehifadhi kitu chochote cha rafiki yake, kanga, ushanga, hata kikombe, mwambie akifunge kwenye mkoba. Nendeni kabla ya Desemba, ninyi wawili.